Masafa ya Kati na Haki ya Walio Mbali

Miongoni mwa mambo yanayoamuliwa kimya kimya katika miji yetu mikubwa, bila ya mjadala wa Bunge wala kelele za magazeti, ni hatima ya redio za masafa ya kati, zile ambazo vijana wa Dar es Salaam na Mwanza huzijua kwa herufi mbili tu, AM, zilizoandikwa kando ya kitufe wasichokibonyeza kamwe. Mkazi wa Kinondoni au wa Nyamagana, aliyezungukwa na stesheni nyingi za FM, ambaye simu yake humletea muziki, mpira na habari kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo, hana sababu ya kutafuta sauti hafifu inayokuja pamoja na ngurumo za radi na mvumo wa taa. Na kwa kuwa wenye kuamua nao ni wakazi wa miji hiyo hiyo, ni wepesi kudhani kwamba kile wasichokisikiliza wao hakisikilizwi na mtu yeyote. Nataka kusema, kwa taadhima lakini bila ya kumung'unya maneno, kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba hasara yake haitawafikia walioidhani, bali itawafikia watu wa wilaya kama Ngara na Biharamulo, zilizo pembezoni mwa jamhuri yetu, ambao ndio hasa waliokusudiwa wakati nguzo za redio hizo ziliposimamishwa.

Mnara wa masafa ya kati ni kitu cha ajabu kwa jinsi manufaa yake yalivyo baidi na mahali pake. Husimama mjini au viungani mwa mji, hula umeme wa mji, na hukalia ardhi ya mji ambayo thamani yake hupanda mwaka hata mwaka, tena ardhi pana, kwa kuwa chini ya nguzo yake sharti zizikwe nyaya ndefu za shaba zilizotandazwa kila upande. Lakini wimbi linalotoka hapo halifanani na la FM, ambalo huenda kadiri ya upeo wa macho na kukoma linapokutana na mlima. Wimbi la masafa ya kati hutambaa juu ya uso wa nchi mchana kutwa, likifuata mabonde na miinuko kwa mamia ya kilomita. Na jua likisha kutua, lile tabaka la chini la anga lililokuwa likiyameza mawimbi ya namna hiyo hutoweka, nayo hupaa hadi tabaka za juu zaidi na kurudishwa duniani, yakaziangukia nchi ambazo mjenzi wa mnara hakuziwazia. Ndiyo sababu Radio Free Africa ya Mwanza, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 na kurusha matangazo katika 1377 kHz, iliweza kunaswa usiku na watafutaji wa stesheni walioko Ulaya. Kutoka Mwanza hadi mji wa Biharamulo, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 180, na hadi Ngara ni kama 250. Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya 1,000. Mtambo wa FM uliowekwa juu ya kilima kizuri hufika kilomita 80, au 100 kwa bahati njema. Mwenye kuzipima hesabu hizi kwa insafu ataona mara moja kwamba mnara wa AM wa mjini haukuwa wa mjini hata siku moja.

Kadhia hii haiikabili Tanzania peke yake. Ujerumani iliyazima masafa ya kati ya redio yake ya taifa, Deutschlandfunk, mwisho wa mwaka 2015. Mjini New York, stesheni ya WCBS, iliyokuwa ikitangaza habari usiku na mchana katika 880 kHz kwa takriban miaka 57, iliacha kazi hiyo Agosti 2024, na masafa yake yakakabidhiwa watangazaji wa michezo. Mwaka 2023 kampuni ya magari ya Ford ilitangaza kwamba itaiondoa AM katika magari yake mapya, kisha ikageuza shauri baada ya kukabiliwa na wabunge wa Marekani, ambao walikwisha kupeleka muswada wa kuwalazimisha watengenezaji wote waihifadhi. Hoja iliyotumiwa na wabunge hao haikuwa ya mapenzi kwa mambo ya kale. Walisema kwamba siku ya tufani, siku umeme umekatika na minara ya simu imelala, sauti inayobaki kumfikia mtu aliye njiani au shambani ni ile ya mtambo mmoja wenye nguvu ulio mbali na balaa lenyewe. Ikiwa dola tajiri kuliko zote, yenye barabara za lami na simu katika kila mfuko, inaona haya kuitupa sauti hiyo, sisi ambao tuna vijiji visivyofikika kwa gari masika yanapokolea tunaitupa kwa hoja gani?

Tukirudi nyumbani, yafaa tukumbuke kwamba utangazaji wetu ulianza ukiwa mali ya mji. Sauti ya Dar es Salaam, iliyosikika kwa mara ya kwanza Julai 1951, ilikuwa na nguvu ndogo na ilikusudiwa wakazi wa mji ule na viunga vyake. Na historia yote iliyofuata, ilipokuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956 na kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, ni historia ya jitihada ya kuitoa sauti hiyo mjini na kuifikisha kwa mkulima. Yalitangulia kutumika masafa mafupi, ambayo huenda mbali sana lakini hupanda na kushuka mithili ya pumzi ya mgonjwa. Kisha taifa, likiwa bado maskini wa kila kitu ila nia, likajipiga moyo konde na kujenga vituo vya masafa ya kati mikoani, Mwanza na Kigoma zikiwamo, ili raia wa kanda za magharibi aisikie serikali yake kwa uthabiti. Viwanda vikaanzishwa vya kuunga redio humu humu nchini, National wakiwa Dar es Salaam na Philips Arusha, na redio hizo, zilizovikwa mfuko wa ngozi na kutundikwa msumarini au kubebwa begani hadi shambani, zikaingia katika nyumba ambazo hazikuwa na kiti cha mgeni. Betri zake zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati ili zitoe siku mbili tatu zaidi za uhai, na mwenye nyumba alitunza uhai huo kwa taarifa ya habari, akawakataza watoto kuumaliza kwa muziki.

Matunda ya jitihada ile hayakuwa ya maneno. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiongozwa na watu wapatao 75,000 waliofunzwa kazi hiyo. Wakasikiliza kipindi, wakakijadili, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozizunguka nyumba zao. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokwisha kuivamia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera, tamko la vita la Mwalimu Nyerere liliwafikia wananchi kwa njia ya redio, na mkoa mzima wa mpakani, ambao ndio uliokuwa ukitokwa na damu, ukajua kwamba haukuachwa peke yake. Na katika siku za amani palikuwa na matangazo ya vifo. Sijui kama kuna jambo lililoiunganisha nchi hii kuliko yale majina yaliyosomwa polepole, marehemu na kijiji chake, wafiwa na mahali wanapokaa, mazishi na siku yake, na ile ada ya kuomba kwamba habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Mtu aliyekwenda kutafuta riziki Nyakanazi alisikia kwamba baba yake amefariki Lindi, akafunga mzigo wake alfajiri. Hapakuwa na njia nyingine ambayo habari ingemfikia kwa wakati.

Asiyezijua Ngara na Biharamulo aghalabu huzitaja pamoja kana kwamba ni nchi moja, ilhali maumbile yake yanatofautiana, na tofauti hiyo ina maana kubwa katika shauri hili. Ngara ni nchi ya milima. Kutoka Rulenge hadi Kabanga, kutoka Murusagamba hadi Rusumo ambako mito ya Ruvubu na Kagera hukutana, kilima hupokewa na kilima, migomba na kahawa ziko miteremkoni, na nyumba zimejificha katika mikunjo ya ardhi ambamo wimbi la FM la upande wa pili hupita juu ya paa bila ya kushuka. Biharamulo, ukisha kuuacha mji wenye boma la Wajerumani, hufunguka na kuwa nchi ya mapori na umbali: Lusahunga, Nyakahura, Kalenge, Nyantakara, vijiji vilivyotawanyika pembeni mwa misitu na hifadhi ya Burigi, ambako tatizo si kilima bali ni ile hesabu ya kilomita. Kwa sensa ya 2012 kila moja ya wilaya hizi ilikuwa na watu zaidi ya laki tatu, na wameongezeka tangu hapo. Kuwafikia wote kwa FM peke yake kunahitaji minara mingi juu ya vilele vingi, kila mmoja na umeme wake, mlinzi wake na fundi wa kuupanda. Kazi hiyo imeanza, na naipongeza, kwani Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, kwa msaada wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, imekuwa ikijenga mitambo ya FM katika wilaya za mipakani. Lakini mpaka siku kazi hiyo itakapokamilika, mtu wa bonde la Ngara anayezungusha kitafutio chake ataendelea kupata stesheni za Burundi na Rwanda, zinazoingia nchini bila ya kubisha hodi, kabla ya kupata ya kwao.

Wala hawa si watu ambao kwao redio ni anasa. Yaliyotokea Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994 dunia nzima iliyaona. Tarehe 28 na 29 ya mwezi ule, kwa muda wa siku moja hivi, watu takriban 250,000 walilivuka daraja kutoka Rwanda, uhamaji ambao UNHCR ilisema haijapata kuushuhudia mfano wake kwa wingi na kwa kasi, na Benaco, mahali palipokuwa pori, pakawa mji mkubwa kabla wenyeji hawajapata hata jina la kuuita. Watu wale walitoka katika nchi ambamo redio, nakusudia RTLM iliyoanza Julai 1993, ilikuwa imetumiwa kuchochea na kuelekeza mauaji. Na pengine hakuna mahali pengine Afrika ambapo madhara na fadhila za chombo hiki zimepata kuonekana bega kwa bega namna ile. Kwani katika mwaka ule ule BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, kwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi, kikirushwa kwa masafa mafupi, ambacho kilisoma majina ya watoto wanaowatafuta wazazi na wazazi wanaowatafuta watoto. Kituo chake kilikuwa maelfu ya kilomita kutoka kambini. Mama aliyeketi Benaco chini ya turubai la plastiki, ambaye hakuwa na anwani wala senti, aliweza kusikia jina la mwanawe kutoka London.

Mwaka uliofuata, 1995, shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapo Ngara, kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, likizungumza na wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, juu ya maji, maradhi, kuni, ugomvi na suluhu. Na iliendelea kuzungumza baada ya Wanyarwanda kurejeshwa kwao Desemba 1996, na hata baada ya kambi ya Lukole ya Warundi kufungwa mwaka 2008. Redio hiyo ni ya FM, nami naitaja kwa heshima yote, ili nisidhaniwe kuwa naitetea AM kwa kuidharau nyingine. Kazi zao ni mbili tofauti. Sauti ya karibu inamjua jirani kwa jina, inajua bei ya ndizi katika soko la wiki hii na daraja lililovunjika jana. Sauti ya mbali inawaunganisha walio mbali na dola yao na ndugu zao, na inaendelea kusema wakati ya karibu imezibwa mdomo au imekatikiwa na umeme. Ngara ilibahatika kuwa nazo zote mbili katika saa yake ya shida kubwa. Nasikitika kuona kwamba moja inaachwa ife kwa kisingizio kwamba nyingine ipo.

Kwamba sauti ya karibu inaweza kuzibwa mdomo si jambo la kubuni, na ushahidi wake uko ng'ambo ya mpaka wa Kabanga. Mwishoni mwa Aprili 2015, machafuko ya kisiasa yalipoanza Bujumbura, serikali ya Burundi ilikata mitambo iliyokuwa ikizifikisha stesheni binafsi za FM nje ya mji mkuu, na mikoa ya mpakani kama Muyinga na Cankuzo, iliyopakana nasi wakati ule, ikabaki kizani mchana kweupe. Na katikati ya Mei, lilipokuja jaribio la kuipindua serikali, studio za RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa. Watu wakaanza kuvuka tena kuja Ngara na Kigoma. Miezi miwili ilikuwa haijatimia tangu Deutsche Welle ilipokifunga kituo chake cha masafa mafupi cha Kigali, tarehe 28 Machi 2015, kituo kilichosimama tangu miaka ya 1960 na ambacho, kutoka Ngara, kilikuwa pua na mdomo. Waliokifunga walifanya hesabu ya gharama na idadi ya wasikilizaji, na hesabu yao yamkini ilikuwa sahihi siku walipoifanya. Na Machi 2025 Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika ilinyamaza kwa amri iliyotolewa Washington, pasipo mtu yeyote wa Biharamulo kuulizwa. Mimi silalamiki juu ya wageni kufunga vituo vyao, kwa kuwa mali ni yao na bajeti ni yao. Ninachosema ni kwamba taifa lililozoea kuazima sauti za mbali kwa wengine halina haki ya kushangaa zinaporudishwa kwa wenyewe, na ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuwa na yetu.

Yupo atakayesema kwamba vita na wakimbizi ni mambo ya nadra. Basi na tuyatazame maradhi. Katikati ya Januari 2025 habari za ugonjwa uliodhaniwa kuwa Marburg zilitoka Biharamulo. Shirika la Afya Duniani likautaja, Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa nao, na tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Dk. Tedros Ghebreyesus, mkuu wa Shirika hilo la Afya, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa 10, wawili waliothibitika na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walifariki. Nawaomba wasomaji wa mjini wazifikirie siku zile chache za kwanza, habari zilipokuwa zikipishana, kwa macho ya mtu aliye katika kijiji ambacho simu hushika mtandao juu ya kichuguu fulani tu. Kilichomfikia ni uvumi wa abiria, na ujumbe uliopelekwa kutoka simu hadi simu usiojulikana mwandishi wake. Marburg huambukizwa kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Kwa hiyo maneno machache ya wakati wake, kwamba mgonjwa asiguswe bila ya kinga na maiti isioshwe na jamaa, yana thamani ya roho za watu. Maneno hayo hayahitaji sauti nyororo. Yanahitaji kufika kila mahali kwa saa ile ile, kutoka kinywa kinachojulikana, na kurudiwa saa baada ya saa mpaka hata mchunga ng'ombe awe ameyasikia.

Hoja za upande wa pili nazijua, na si za kupuuzwa. Mitambo iliyojengwa zama za Radio Tanzania imezeeka. Ile ya valvu hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto, vipuri vyake ni adimu, na mafundi walioielewa wamestaafu au wametangulia mbele ya haki. Ardhi ya minara inatamaniwa, nyaya zake za shaba zinaibwa. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kupita kiasi duniani, na kila radi husikika katika AM. Hata neema ya umeme vijijini imekuja na adha yake, maana taa za bei nafuu na chaja za simu hutoa mvumo unaoifunika stesheni dhaifu. Na simu, chombo ambacho kila kijana anacho, nyingi hupokea FM kwa kutumia waya wa spika za masikioni kama antena, lakini haziwezi kupokea AM, kwa kuwa masafa hayo yanahitaji antena ya namna nyingine isiyoenea katika umbo lake.

Yote hayo ni kweli, na kila moja lina jibu. Mitambo ya sasa isiyotumia valvu hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaoupokea kuwa mawimbi, kwa hiyo hesabu ya gharama inayofanywa kwa kuutazama mtambo wa kale ni hesabu ya kitu ambacho hakuna anayependekeza kukinunua tena. Mvumo wa taa huishinda stesheni dhaifu, wala hauishindi yenye nguvu. Radi huharibu muziki, na mimi siitaki AM iwe ya muziki. FM imeshinda huko na hapana haja ya kurudi kugombana nayo. Ama simu, mwenye kuitegemea hutegemea pia bando lililolipiwa, betri iliyochajiwa na mnara wa kampuni ulio hai, na huku mpakani hutegemea simu yake isijiunge na mtandao wa nchi jirani ikamla salio lake lote. Redio ndogo za sola zenye tochi, zinazouzwa hata katika magulio ya vijijini, nyingi bado zina masafa yote matatu. Chombo cha kupokelea hakijatoweka. Kinachotoweka ni cha kupokelewa, na msikilizaji akikuta mkwaruzo mtupu katika AM kwa mwaka mzima huacha kuitafuta, kisha huhesabiwa kuwa hayupo. Hii ndiyo dhuluma iliyomo katika tafiti za idadi ya wasikilizaji: humkuta mtu amekata tamaa zikamwandika kuwa hahitaji.

Sipendekezi kila stesheni ya mjini ishurutishwe kubaki katika masafa ya kati. Wenye redio binafsi ni wafanyabiashara, na tangazo la sabuni halilipi zaidi kwa sababu limesikika Murusagamba. Huu ni wajibu wa shirika la umma, TBC, na wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyokabidhiwa amana ya masafa ya taifa tangu 2003. Kanda ya Ziwa na magharibi ipatiwe mtambo mmoja wa masafa ya kati, mpya, wenye nguvu ya kutosha, ulio na jenereta na akiba ya mafuta, utakaobeba maneno zaidi kuliko nyimbo: taarifa ya habari, bei za kahawa na mazao, afya, masomo, tahadhari za mvua na maradhi, na matangazo ya vifo kwa ada ndogo ambayo mkulima anaweza kuilipa. Redio za wilaya, Radio Kwizera na nyinginezo, ziruhusiwe kuyanasa na kuyarusha matangazo yake wakati wowote wa dharura bila ya kuomba kibali kwanza. Viwanja vya minara ya zamani visiguswe hadi mtambo huo uwe umesimama, kwani kiwanja cha namna ile kikishauzwa na kujengwa maghorofa hakitapatikana tena kwa bei ambayo serikali yoyote itakubali kuilipa.

Na kabla ya uamuzi wowote wa kuzima, pafanyike jambo ambalo halihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka ng'ambo. TCRA na TBC zipeleke mafundi wao Ngara na Biharamulo, mchana na usiku, kiangazi na masika, wakiwa na redio za kawaida zile zinazouzwa gulioni na si vipimo peke yake, wakae mabondeni Keza na Ntobeye, wakae Nyakahura na Nyantakara, waandike ni stesheni ipi ya Tanzania inayosikika kila mahali na kila saa, katika FM na katika AM, na ni ipi ya kigeni inayosikika pale ambapo yetu haisikiki. Washirikishwe watendaji wa kata na wakulima wenyewe, ambao wanajua kila kona yenye sauti na kila kona iliyo bubu. Majibu ya kazi hiyo yasomwe hadharani, redioni, katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kabla ya saini yoyote kutiwa katika hati ya kuuza kiwanja au kuyarudisha masafa.